Unakwenda Nepal peke yako: namna ya kujiunga na kundi la kutembea hadi kambi ya chini ya Everest

Swali la kwanza huwa hili: "Sina mtu wa kwenda naye, je, nitapokelewa?" La pili: "Kilimanjaro nimeshapanda, huko si ni kutembea tu?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: "Na nikishindwa mwendo wao, wataniacha?" Nimeyajibu kwa simu na kwa ujumbe, mtu mmoja mmoja, mpaka nimeona niyaweke yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa njia moja tu: kutoka Lukla, penye uwanja mdogo wa ndege, hadi kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepal, ukiwa umetoka Afrika Mashariki peke yako na kuungana na watu usiowajua. Niliipita njia hiyo mwezi wa Oktoba, katika kundi la watu tisa tuliokutana kwa mara ya kwanza Kathmandu. Kambi iko mita 5,364, chini ya kilele chetu cha Uhuru chenye mita 5,895. Hakuna kamba wala shoka la barafu. Unahitaji miguu, subira, na ulimi wa kusema ukweli kuhusu mwili wako. Ukikosa hilo la mwisho, miguu haitakusaidia, na ndiyo maana nitalirudia.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi, na picha ndogo nne.
- Viza. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi huipata uwanjani Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30. Wenye pasipoti za Somalia au Ethiopia lazima waombe ubalozini kabla ya safari. Hata hivyo, hakikisha na idara ya uhamiaji ya Nepal kabla ya kukata tiketi, maana orodha hubadilika.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Unatoka eneo ambalo ugonjwa huo upo, kwa hiyo wanaweza kuidai.
- Bima inayosema kwa maandishi kwamba inalipia matembezi ya milimani hadi mita 6,000, pamoja na uokoaji wa helikopta. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huishia mita 3,000 au 4,000.
- Fedha taslimu. Huko hakuna M-Pesa wala Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa). Beba dola safi zisizochanika, uzibadili Kathmandu kupata rupia za Nepal. Namche, mji wa njiani, kuna mashine za kutolea pesa, lakini usizitegemee.
- Kigeuzi cha plagi. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi nyingi za kule.
- Siku 18 hadi 20 za likizo, kutoka nyumbani hadi nyumbani. Mwenye wiki mbili tu asubiri mwaka ambao atakuwa na tatu.

1. Chagua mwezi

Misimu mizuri ni miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Juni hadi Septemba ni mvua za monsuni. Njia huwa tope, ruba wapo sehemu za chini, na ndege za Lukla huahirishwa hovyo. Desemba hadi Februari anga ni safi ila baridi ni kali mno kwa mtu anayeionja mara ya kwanza. Kwa anayekwenda peke yake, Oktoba na Aprili zina faida nyingine: makundi ni mengi, na kundi moja likivunjika unapata jingine.

2. Chagua kundi

Hapa ndipo safari yako inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe.

Makampuni ya Kathmandu huwa na safari za tarehe maalumu, ambazo mtu mmoja mmoja hujiandikisha mpaka kundi likamilike. Bei nilizopewa mimi zilikuwa kati ya dola 1,200 na 1,600, pamoja na mwongozaji, mpagazi, vibali, vyumba na ndege ya Lukla. Tiketi ya kutoka kwetu hulipiwa kando. Makampuni ya Ulaya huuza safari hiyohiyo kwa bei ya juu zaidi, na mara nyingi wanaokuongoza mlimani ni Wanepali walewale.

Andikia makampuni matatu au manne, uwaulize maswali haya kwa maandishi:

Watu wangapi wameshalipa? Swali ni waliolipa. Waliouliza tu hawahesabiki.

Wengine wakijitoa, safari itaendelea kwa bei ileile? Kuna makampuni yanayokubali kwenda hata na watu wawili, na kuna yanayokuhamishia tarehe nyingine ilhali tiketi ya ndege umeshakata.

Mtu mmoja akiugua, nani atashuka naye? Hili ndilo swali langu kubwa. Kundi la watu wanane lenye mwongozaji mmoja ni la hatari. Mgonjwa akitakiwa kushuka usiku, ama atashuka na mpagazi asiyejua dalili, ama kundi zima litageuka, ama, kama inavyotokea mara nyingi, atabembelezwa asubiri hadi asubuhi. Taka kundi lenye mwongozaji mkuu na wasaidizi, angalau mmoja kwa kila watu wanne au watano.

Kuna siku ngapi za kuzoea hewa? Jibu sahihi ni mbili au zaidi: moja Namche, moja Dingboche. Anayekuambia "tunafika kwa siku sita" usimpe pesa yako.

Nitalala na nani? Vyumba vina vitanda viwili. Aliyekuja peke yake hupangwa na mwenzake wa jinsia moja, au hulipa nyongeza awe peke yake. Kina dada, pata jibu hili kabla ya kulipa, siyo baada ya kufika.

Wapagazi wanabeba kilo ngapi, na wana bima? Sisi tunaotoka nchi ya Kilimanjaro hatuna udhuru wa kulikwepa swali hili. Wagumu wetu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wamepigania kiwango cha kilo 20 kwa miaka mingi. Nepal desturi ni mpagazi mmoja kwa wageni wawili, na mzigo usizidi kilo 30. Kwa hiyo begi lako liwe kilo 12, 13 hivi. Kampuni ikiona swali hilo ni usumbufu, umeshawajua.

Mwisho, omba namba yao ya usajili na uulize kama ni wanachama wa TAAN, chama cha makampuni ya matembezi ya Nepal. Tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal imetangaza kwamba mgeni lazima awe na mwongozaji mwenye leseni. Eneo la Khumbu, yaani hilihili la Everest, wenyeji wameendelea kuruhusu watu kupita wenyewe, na utawaona njiani. Usiwaige katika safari yako ya kwanza.

3. Pima afya mapema

Nenda hospitali miezi miwili kabla, umweleze daktari unakwenda juu kiasi gani. Vipimo vya kawaida ni vya presha, moyo na wingi wa damu. Sisi tuna viwili vya ziada ambavyo miongozo ya Wazungu huvipita.

Cha kwanza ni selimundu. Watu wengi kwetu wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu na hawajui, kwa sababu hawajawahi kuugua. Kwenye hewa nyembamba bandama ya mtu huyo inaweza kukosa damu na kupata madhara makubwa. Dalili ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kipimo ni cha damu na ni rahisi. Ukiwa na kinasaba hicho, zungumza na daktari kabla hujalipa chochote. Mwenye ugonjwa kamili asiende.

Cha pili ni malaria. Unaweza kuondoka nyumbani na vimelea mwilini, homa ikaanza siku ya nane ukiwa mita 4,400, na kila mtu akadhani ni mlima. Beba vipimo vya haraka viwili na dozi moja ya dawa mseto uliyoandikiwa na daktari.

Muulize pia kuhusu acetazolamide, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Kiasi cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 mara mbili kwa siku. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme waziwazi. Dawa hiyo itakupeleka haja ndogo mara nyingi na kuwasha ncha za vidole. Hayo ni ya kawaida. Dawa haibadili sheria yoyote nitakayoitaja chini.

4. Zoeza miguu

Wiki kumi zinatosha kwa mtu mzima wa afya. Panda ngazi za ghorofa ukiwa na begi la kilo 6, mara tatu kwa wiki, na kila mwisho wa juma tembea saa nne hadi sita mfululizo: Ngong na Longonot kwa wa Nairobi, Usambara au Uluguru kwa wa upande wetu. Ukiweza kulala usiku mmoja Mlima Meru au Mlima Kenya, utaujua mwili wako unavyoitikia mwinuko.

Waliopanda Kilimanjaro, nisikilizeni. Kuzoea hewa hakuwekwi akiba. Ulikozoea mwaka jana kumeshatoka mwilini. Pia uchovu wa huku ni wa namna nyingine. Kilimanjaro kuna usiku mmoja wa kilele unaokutoa machozi, kisha unashuka. Khumbu ni siku 12 za baridi, vumbi na hewa kavu, takriban kilomita 130 kwenda na kurudi, na kikohozi kinachoitwa kikohozi cha Khumbu ambacho hakimwachi mtu kirahisi.

5. Kusanya vifaa bila kufilisika

Usinunue vyote vipya. Jaketi la manyoya, suruali ya kuzuia upepo na sweta za sufu utazipata mitumbani: Karume, Gikomba, au soko la Memorial pale Moshi, ambako nguo za mlima hazikosekani. Begi la kulalia la kuhimili nyuzi 15 chini ya sifuri unaweza kukodi Thamel, mtaa wa wageni Kathmandu, pamoja na fimbo za kutembelea.

Kitu kimoja tu nunua kizuri na mapema: viatu. Viwe nusu namba kubwa, uvitembelee wiki sita kabla. Kiatu kipya siku ya kwanza ni malengelenge siku ya pili.

Vingine: soksi za sufu jozi nne, nguo za ndani za joto seti mbili, glavu nyembamba na nene, kofia ya sufu, shali au kitambaa cha kufunika pua na mdomo, miwani ya jua yenye kinga kamili, losheni ya jua (ngozi nyeusi nayo huungua huko juu, na midomo huanza), tochi ya kichwani, chupa mbili za lita moja, vidonge vya kusafishia maji, karatasi za chooni, na betri ya ziada ya simu. Kina dada, sukeni nywele kabla, misuko ya kulala chini ya kofia. Kuosha na kukausha nywele mita 4,000 ni kujitafutia ugonjwa.

Onyo: ndege ya Lukla hukubali kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo. Pima nyumbani.

6. Kathmandu: fika siku mbili kabla

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Utapitia Doha, Dubai au Istanbul. Ukifika, sogeza saa mbele kwa saa 2 na dakika 45 (saa 3 na dakika 45 kwa wa Rwanda na Burundi). Ndiyo, dakika 45. Nepal ina saa yake. Jihadhari pia na mazoea yetu ya kuhesabu saa: mwongozaji akisema "six" anamaanisha saa kumi na mbili. Rudia kila muda uliopewa, na uonyeshe kwa kidole kwenye saa.

Jioni kabla ya safari kuna kikao cha kundi. Usikae kimya kwa kuwa ni mgeni. Mwambie mwongozaji mbele ya wote: unatumia dawa gani, umewahi kufika juu kiasi gani, una mzio gani. Mpe nakala ya bima yako na namba ya ndugu yako nyumbani. Wengine wakikuona umesema, nao watasema, na kundi linaanza kwa ukweli.

7. Ruka hadi Lukla

Katika misimu ya watu wengi, ndege nyingi huondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap, saa nne au tano kwa gari kutoka Kathmandu. Utaamshwa saa sita au saa saba usiku. Ndege ni ndogo, na njia ya kurukia ya Lukla ina mita 527 tu, tena ya mteremko. Huruka asubuhi, kabla mawingu hayajafunga bonde. Ikiahirishwa, usimlaumu rubani.

Lukla utakata kibali cha Halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, na Monjo cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha. Kila kimoja ni kiasi cha rupia 3,000 au zaidi kidogo, na kwa kawaida kampuni imeshavihesabu. Jina la halmashauri hiyo ni la Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, Aprili 1993. Alifariki akishuka. Utaliona jina lake mahali pengi, ulipe heshima.

8. Tembea, na ulale kwa mpangilio huu

- Siku ya 1: Lukla (2,860) hadi Phakding (2,610). Ndiyo, unashuka.
- Siku ya 2: Namche Bazaar (3,440). Mpando mrefu baada ya daraja la juu la kamba za chuma.
- Siku ya 3: Namche tena. Panda hadi Syangboche mchana, rudi ulale chini.
- Siku ya 4: Tengboche (3,860), penye nyumba kubwa ya watawa.
- Siku ya 5: Dingboche (4,410).
- Siku ya 6: Dingboche tena. Panda kilima cha Nangkartshang kadiri ya nguvu zako, rudi.
- Siku ya 7: Lobuche (kama 4,930). Njiani, juu ya Thukla, kuna minara ya mawe ya waliofia Everest. Kaeni kidogo.
- Siku ya 8: Gorak Shep (5,164), kisha kambini (5,364) na kurudi kulala Gorak Shep.
- Siku ya 9 hadi 11 au 12: kilima cha Kala Patthar alfajiri kwa wanaoweza, kisha kushuka hadi Lukla.

Kanuni ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Ndiyo sababu ya siku mbili Namche na mbili Dingboche. Siku hizo si za kulala kitandani. Unapanda kidogo, unarudi chini.

Mwendo ni polepole ileile uliyoizoea. Wao husema "bistari, bistari". Nilipoisikia mara ya kwanza kwa mpagazi mzee nyuma yangu, nilijiona niko kambi ya Mandara, Kilimanjaro. Ukishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio.

Makosa ya njiani ninayoyaona sana: kusimama upande wa bonde wanyama wanapopita. Yaki, ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu, na nyumbu wana mizigo mipana, na watu wamesukumwa wakaanguka. Simama upande wa mlima, daima. Usiingie darajani wakiwa wameshaingia. Ukikuta mnara wa kidini au ukuta wa mawe yenye maandishi ya sala, upite ukiuacha mkono wako wa kulia.

9. Kila jioni, toa taarifa ya mwili wako

Hapa ndipo wanaokwenda peke yao wanapoumia. Mwenye rafiki huchunguzwa na rafiki yake. Wewe watu hawakujui. Hawajui kama kimya chako ni kawaida yako au ni ugonjwa. Na wewe unaogopa kuwachelewesha wageni waliolipa pesa nyingi, kwa hiyo unameza kichwa kinachouma na kusema "niko sawa". Katika kundi letu alikuwepo mtu mwenye nguvu kuliko sote. Alificha maumivu siku mbili, Dingboche na Lobuche, mpaka usiku akashindwa kufunga zipu ya jaketi lake. Alishushwa gizani na mwongozaji msaidizi, na alipona kwa sababu tulikuwa na msaidizi.

Fanya hivi kila siku kabla ya kulala:

Jiulize: kichwa kinauma? Nina kichefuchefu? Nimeshindwa kula? Nina kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida? Maumivu ya kichwa pamoja na kimoja kati ya hayo yahesabu kuwa ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine.

Mwambie mwongozaji majibu, hata kama ni mazuri. Wakati wa chai, mita moja kutoka kwake, maneno manne yanatosha.

Mwombe mwenzako wa chumbani akutazame, nawe umtazame. Fanyeni mapatano hayo siku ya kwanza Phakding, kabla hamjachoka. Mwambie kawaida yako: mimi nakoroma, mimi huamka mara mbili, mimi si mwongeaji asubuhi.

Ukiwa na dalili: usipande juu zaidi. Zikizidi: shuka, hata kama ni usiku, hata kama ni mita 300 tu. Anayepepesuka kama mlevi, anayeshindwa kutembea mstari mnyoofu kisigino kwa kidole, anayechanganyikiwa, au anayehema akiwa amekaa na kukohoa povu, huyo ni mtu wa kushuka sasa hivi. Usimwache ashuke peke yake.

Waongozaji wengi wana kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni. Kikusaidie, ila usikiabudu: kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali halisi, na rangi ya kucha au hina nyeusi hukipotosha zaidi. Kwa hiyo acha walau kidole kimoja bila hina. Na wenzako wakiambiwa watazame midomo kama imekuwa ya bluu, waambie kwako watazame ulimi na fizi.

Pheriche, karibu na Dingboche, kuna kituo cha afya cha Himalayan Rescue Association ambacho kimehudumia njia hii tangu 1973. Msimu ukiwepo, madaktari hutoa somo la mwinuko alasiri. Mkipitia huko, usilikose.

10. Chakula, maji na maisha ya nyumba za wageni

Kula dal bhat: wali, dengu, mboga na achari. Ni chakula cha nyumbani kabisa kwetu, kinapikwa kila siku, na huongezewa bila malipo. Acha nyama ukishapita Namche. Hakuna kuchinja bondeni. Nyama hubebwa mgongoni siku kadhaa kutoka chini. Anayekula halali atapata faraja katika dengu, mayai na viazi. Kibla ni magharibi.

Kunywa lita tatu au zaidi, chai ikiwemo. Pombe iache mpaka urudi Lukla. Kuchaji simu, intaneti na maji ya moto ya kuoga hulipiwa, na bei hupanda kila mnapopanda. Jiko la sebuleni, la kuni au kinyesi kikavu cha yaki, ndilo pekee lenye moto, vyumbani hakuna. Lala na chupa ya maji ya moto miguuni, na betri za simu ndani ya begi la kulalia, maana baridi huziua.

Waite watu kama wanavyoitana: "dai" kwa kaka mkubwa, "didi" kwa dada mkubwa, "bhai" kwa mdogo wako wa kiume. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo hapati shida na hilo, na utaona nyuso zinavyofunguka.

Wenzako wa kundi wengine watatembea mbele, wengine nyuma. Usimkimbilie wa mbele. Chagua mmoja wa mwendo wako, na kila mchana mkutane mezani.

11. Kushuka na tipu

Kushuka huumiza magoti kuliko kupanda; tumia fimbo zote mbili. Tipu hukusanywa na kundi Lukla usiku wa mwisho. Tengeni bahasha ya mwongozaji, ya wasaidizi na ya kila mpagazi, na mkabidhi kila mtu mkononi. Ukitaka kuwaachia glavu au jaketi, uliza nani hana.

Mambo yakienda kombo

*Kundi limevunjika na nimeshafika Kathmandu.* Nenda ofisini kwao, taka kuunganishwa na kundi la kampuni nyingine la siku hizo. Hufanyika sana. Usikubali kubadilishiwa njia ukiwa na haraka.

*Kundi lina mwendo mkali.* Ndiyo kazi ya mwongozaji msaidizi: atembee nawe nyuma. Omba mapema asubuhi, usisubiri umeachwa.

*Nina homa.* Mlima hauleti homa kali. Pima malaria kwa kipimo ulichobeba, na mwambie daktari yeyote utakayemwona, sentensi ya kwanza kabisa, kwamba umetoka Afrika Mashariki. Hata kipimo kikionyesha huna, usipande siku hiyo.

*Nalala nikishtuka, kama pumzi imekata.* Juu ya mita 4,000 upumuaji wa usingizini hukatika na kurudi. Hutokea kwa wengi. Usinywe dawa za usingizi. Kama ukiamka unahema hata ukikaa, hilo ni jingine: mwamshe mwongozaji.

*Ninahimizwa kupanda helikopta nami sijioni mgonjwa sana.* Udanganyifu wa helikopta zisizohitajika umewahi kuchunguzwa na serikali ya Nepal. Kama unaweza kusimama na kuongea, piga simu kwa bima yako kwanza, wao ndio waidhinishe. Kama huwezi, panda. Pesa itajadiliwa baadaye.

*Nina tatizo na mtu wa kundi au wa kampuni.* Polisi wa watalii Nepal ni namba 1144.

*Tumekwama Lukla, mawingu hayafunguki.* Hii hutokea, wakati mwingine siku mbili au tatu. Ndiyo maana tiketi yako ya kurudi Afrika iwe siku tatu baada ya tarehe ya kutoka Lukla. Uliza kama kuna helikopta ya kuchangia na wengine. Weka dola 500 kando kwa ajili hiyo. Na kila alfajiri uwe umeshafunga begi saa kumi na moja, kwa sababu anga likifunguka, wanaondoka walio tayari.